Faili la picha la zamani halifunguki? Usilitupe, tazama kwanza kilichomo ndani

fundi_nasser (Kampala)

Salamu wanajamvi.

Nipo kwenye uchapaji hapa Nasser Road. Karibu kila wiki anaingia mtu na flashi au sidii ya zamani, tunabofya faili, kompyuta inajibu kwamba aina hii haitambuliki, na mteja anakata tamaa hapo hapo. "Basi limeharibika, futa tu." Nimeona nembo za shule, picha za harusi na michoro ya viwanja ikikaribia kufutwa kwa namna hiyo, na mafaili yenyewe yalikuwa mazima. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nafungua uzi.

Ule ujumbe wa kompyuta unaeleza uwezo wa programu uliyo nayo. Hausemi lolote kuhusu afya ya faili. Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nini imekuwa hivi? Miaka ya 1980 kila kampuni ilijitengenezea aina yake ya kuhifadhi picha. ZSoft walikuwa na PCX kwa ajili ya PC Paintbrush. Apple walikuja na PICT mwaka 1984, na mwaka huo huo Truevision wakatoa TGA. Aldus wakaleta TIFF mwaka 1986, CompuServe wakaleta GIF mwaka 1987. JPEG ambayo leo kila simu inaijua ilipata kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, na PNG ikafuata mwaka 1996. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akichora au kuskani kabla ya hapo alihifadhi kwa kile kilichokuwepo. Baadaye kampuni zikanunuliwa (Aldus ilimezwa na Adobe mwaka 1994), programu zikaachwa, mafaili yakabaki peke yake.

Kuna pia aina zilizofungiwa mlango kwa makusudi. Aprili 2017 Microsoft walizima uwezo wa kuingiza picha za EPS (aina ya zamani ya wachapaji) ndani ya Office kwa sababu wahalifu walikuwa wakizitumia kupenyeza mashambulizi. Apple nao waliondoa EPS kwenye Preview walipotoa macOS Ventura mwaka 2022. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba faili lilifunguka kwenye kompyuta ya zamani ofisini na halifunguki kwenye mpya. Anasema kweli. Faili ni lile lile, kilichobadilika ni kompyuta.

Sasa, utaratibu ninaoufuata. Kwanza nakili faili kutoka kwenye sidii au flopi hadi kwenye diski ya kompyuta, kisha fanya kazi kwenye nakala tu. Asili usiiguse tena.

Pili, tazama mwanzo wa faili. Aina nyingi za picha huanza na alama yake maalumu, na alama hiyo haitegemei jina ulilolipa. Fungua nakala kwa Notepad, puuza takataka zote, soma herufi za mwanzo tu, kisha funga bila kuhifadhi. Ukiona GIF87a au GIF89a, hiyo ni GIF. BM ni BMP. 8BPS ni Photoshop. %!PS ni EPS. II au MM ikifuatiwa na alama mbili za ajabu, fikiria TIFF. RIFF na baada yake kidogo CDR, hiyo ni CorelDRAW ya zamani. FORM na ILBM, hiyo ilitoka kwenye kompyuta za Amiga. PK ni kifurushi cha zip, hata kama jina linasema kitu kingine. Ukitaka kuona baiti zenyewe (vipande vidogo vya data vinavyounda faili), chukua programu ya HxD, ni ya bure: JPEG utaiona FF D8 FF, PNG itaanza 89 50 4E 47, na PCX itaanza 0A.

Kwa mwenye mafaili mengi, kuna programu za kutambua aina ya faili, TrID na DROID. Hii ya pili ilitengenezwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, inapita folda nzima na kukuambia kila faili ni la aina gani na mara nyingi toleo lipi. Kwenye Linux amri ya `file` inatosha.

Tatu, ndipo utafute programu. IrfanView pamoja na kifurushi chake cha plagini, au XnView MP, zitafungua sehemu kubwa ya picha za miaka hiyo. Lakini wenye maduka mwangalie: hizo mbili ni za bure kwa matumizi ya nyumbani, biashara inatakiwa kulipia leseni. GIMP, Inkscape, LibreOffice na ImageMagick ni bure kwa wote.

Leteni mafaili yaliyowashinda, tusaidiane.

---

kijana_ntinda

Mkuu, mbona unazunguka mbali? Mimi hubadilisha jina tu. Faili ni picha.pcx, naandika picha.jpg, tayari. Mara nyingine inafunguka vizuri kabisa.

---

fundi_nasser

Ikifunguka kwa kubadilisha jina, mara nyingi maana yake faili lilikuwa JPEG tangu mwanzo na mtu alilipa jina lisilo lake. Hutokea, hasa kwa mafaili yaliyopita mikononi mwa watu wengi. Kubadilisha jina hakugusi hata baiti moja ya ndani.

Hatari yake ni hii: faili la PCX ukiliita .jpg na halijafunguka, baada ya mwaka mtu mwingine atalikuta, ataona JPEG isiyofunguka, atasema imeoza, atafuta. Jina la zamani lilikuwa ushahidi, na wewe umeuondoa. Kama ni lazima ubadilishe, fanya kwenye nakala na jina la asili liendelee kuwepo mahali.

PCX hasa haina shida. GIMP inaisoma, ImageMagick inaisoma. Folda nzima unaweza kuimaliza kwa mstari mmoja. Tengeneza kwanza folda tupu uite mpya, kisha:

`magick mogrify -path mpya -format png *.pcx`

Picha mpya zitaingia humo, za zamani zitabaki zilivyo. Ukikuta PCX imefunguka umbo likiwa sahihi ila rangi zimevurugika kabisa, shuku kwamba mkia wa faili umekatika. PCX ya rangi 256 huweka orodha ya rangi zake mwishoni, baiti 768. Kama nakala ilikatika njiani, umbo lipo na rangi zimepotea. Rudi kwenye diski ya asili unakili upya kabla ya kuhangaika na programu.

---

mwana_wa_arua

Ndugu fundi, asante kwa uzi huu. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha hapa Arua. Ameacha sanduku la flopi na sidii kadhaa. Mojawapo ina maandishi ya Kodak, ndani kuna folda PHOTO_CD, na ndani yake IMAGES, na humo mafaili kama IMG0001.PCD na kuendelea. Mjomba wetu alikuwa London miaka hiyo na nadhani ndiye aliyepeleka negativu zikaskaniwa huko. Nimejaribu programu moja ikafungua, lakini picha ni ndogo sana na nguo nyeupe zimeungua. Ndiyo ubora wake huo?

---

fundi_nasser

Pole kwa msiba, ndugu. Na hapana, huo si ubora wake. Usihifadhi hizo ndogo ukaridhika.

Hiyo ni Kodak Photo CD, ilikuja sokoni mwaka 1992. Kila faili la PCD lina picha ile ile kwa ukubwa tano: 192×128, 384×256, 768×512, 1536×1024 na 3072×2048. Programu nyingi hufungua ule wa katikati, 768×512, kwa sababu ndio uliokusudiwa kwa televisheni za wakati huo, na hazikuambii kwamba kuna kikubwa zaidi. Mtu anabadilisha sidii nzima kuwa JPEG ndogo, anatupa sidii, na picha kubwa za ukoo zinakwenda na taka. Ningependa kila mwenye sidii ya namna hii asome aya hii kabla ya kufanya lolote.

Tazama uzito wa faili. PCD yenye ukubwa wote tano huwa na megabaiti kadhaa. Ikiwa yako ina uzito huo na unapata picha ndogo, ujue programu imechukua ya katikati. Kwenye IrfanView na XnView ingia kwenye mipangilio ya kusoma PCD uchague ukubwa wa juu kabisa, kisha ufungue tena.

Kuhusu nguo kuungua: Photo CD huhifadhi mwanga unaozidi weupe wa kawaida wa skrini. Programu isiyojua hilo hukata sehemu ya juu, na gauni la bibi harusi linakuwa doa jeupe lisilo na mikunjo. Mikunjo ipo ndani ya faili. Kuna programu ndogo inaitwa pcdtojpeg, iliandikwa mahususi kwa ajili ya mafaili haya na inashughulikia rangi zake kwa uangalifu. Jaribu kwa picha moja yenye nguo nyeupe, linganisha na uliyopata mwanzo, ndipo uendelee na nyingine.

Na jambo la mwisho kuhusu sidii hiyo. Photo CD moja hubeba picha kama 100, na mtu aliweza kuirudisha maabara wamwongezee nyingine juu ya zile za mwanzo. Baadhi ya visomeo vya sidii huona awamu moja tu ya uandishi. Kama kwenye kava kuna vijipicha vingi kuliko mafaili unayoyaona, jaribu kisomeo kingine.

Ukishapata picha kubwa zihifadhi kwa TIFF au PNG. JPEG tengeneza za kutuma WhatsApp. Mafaili ya PCD yenyewe yaache pamoja nazo.

---

dada_mbarara

Habari zenu. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wanasheria Mbarara. Tuna hati za wateja zilizoskaniwa zamani, zote zinaishia .mdi. Kompyuta iliyoziskani ilikufa. Nimejaribu IrfanView, imekataa. Bosi anasema tuskani upya lakini karatasi nyingine hazipo tena.

---

fundi_nasser

Dada, hizo zimetoka Microsoft Office Document Imaging. Ilikuja na Office XP, ikaendelea kwenye 2003 na 2007, halafu Office 2010 ikaja bila hiyo. Ofisi nyingi zilizonunua skana kipindi hicho ziliangukia hapo, kwa sababu programu ilikuwemo tayari na ilikubali bila kuuliza.

Ndani, MDI ni ndugu wa TIFF, ila mwanzoni utaona EP badala ya II. Usidanganyike kuibadilisha jina kuwa .tif, kwa sababu ubanaji wa ndani ni wa Microsoft wenyewe.

Njia ya uhakika ni kupata kompyuta yoyote yenye Office 2003 au 2007. Zipo, ulizeni mashuleni na kwenye ofisi za jirani. Wakati wa kusakinisha, Document Imaging huwa imejificha chini ya zana za Office, inabidi uichague. Ukifungua hati, hifadhi kama TIFF. Kama Office hizo hazipatikani, SharePoint Designer 2007 ilitolewa bure na Microsoft na Document Imaging imo ndani yake. Vilevile Microsoft walitoa programu ndogo ya kugeuza MDI kuwa TIFF, jina lake MDI2TIF, inafanya folda nzima kwa mpigo.

Tahadhari moja kubwa kwa hati za mahakamani na za ardhi. TIFF moja inaweza kubeba kurasa nyingi. Ukiigeuza kuwa JPEG, programu nyingi zitakupa ukurasa wa kwanza tu na kukaa kimya. Mkataba wa kurasa kumi na mbili unabaki ukurasa mmoja, na hutajua mpaka siku wakili anauhitaji. Geuza kuwa PDF, halafu hesabu kurasa za kila hati ukilinganisha na asili. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapo ndipo hati hupotea.

---

dada_mbarara

Tuna pia .tif nyingine za zamani zaidi, kutoka Windows 98. Baadhi zinafunguka, baadhi zinaleta ukurasa mweusi au hitilafu.

---

fundi_nasser

Hilo linatarajiwa. TIFF ni kama sanduku la safari, nje yote yanafanana lakini kila mtu amepanga vyake. Kuna isiyobanwa kabisa, kuna ya LZW, kuna ya PackBits, kuna ya faksi (Group 3 na Group 4), na kuna JPEG ndani ya TIFF. Hiyo ya mwisho ina sura mbili. Ya kwanza iliwekwa kwenye maelezo ya TIFF 6.0 mwaka 1992, ikaonekana ina kasoro, ikabadilishwa na nyingine. Programu nyingi za leo husoma mpya na kuikataa ya zamani.

Windows 98 ilikuja na Imaging for Windows, iliyotengenezwa na Kodak, na mafaili yake mengi yanaleta matatizo ya aina hiyo. Jaribu XnView MP kwanza, halafu IrfanView. Ukipata ukurasa ambao nyeusi imekuwa nyeupe na nyeupe nyeusi, hiyo ni picha nzima iliyogeuzwa tu, bofya amri ya kugeuza rangi kisha hifadhi.

---

kijana_ntinda

Kwa nini dada asitumie zile tovuti za kubadilisha mafaili? Unapakia, unasubiri, unapakua. Hakuna kusakinisha chochote.

---

fundi_nasser

Kwa nembo ya duka lako, sawa, ni uamuzi wako. Kwa hati za wateja wa wakili, hapana. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda, na ukipakia hati ya ndoa au kitambulisho cha mteja kwenye tovuti ambayo hujui seva zake ziko wapi wala inafuta lini, umeitoa mkononi mwako. Hilo lina uzito kwa ofisi ya sheria, kwa zahanati, kwa shule, na hata kwetu wachapaji tunaopiga picha za pasi.

Halafu kuna suala la ubora. Nyingi ya tovuti hizo hurudisha JPEG iliyobanwa sana bila kukuuliza. Na kwa PCD za ndugu yetu wa Arua, zingempa ile ndogo.

---

mzee_jinja

Vijana, nawasikiliza. Mimi nilikuwa mwalimu Jinja, sasa nimestaafu. Nembo ya shule yetu ilichorwa na fundi mmoja miaka ya tisini kwa CorelDRAW. Ninayo kwenye flopi, nimeshainakili kwenye flashi. Kijana wa duka fulani alisema CorelDRAW yake mpya imeikataa, akapendekeza apige picha nembo iliyoko ukutani kwa simu na kuichora upya. Sipendi, kwa sababu ile ya ukutani yenyewe ilipakwa vibaya.

---

fundi_nasser

Mzee wetu, shikamoo. Umefanya vema kukataa. Mchoro wa CorelDRAW ni wa mistari, unaweza kuukuza kutoka kadi ndogo hadi bango la barabarani bila kupoteza ukali. Picha ya simu haiwezi kukurudishia hicho.

CorelDRAW za siku hizi haziwezi kusoma matoleo ya mwanzoni kabisa ya CDR, hivyo huyo kijana hakukudanganya. Lakini LibreOffice inayasoma. Tangu toleo la 3.6, mwaka 2012, LibreOffice Draw ina maktaba iitwayo libcdr, kazi ya watu waliokaa na mafaili ya CorelDRAW wakayachambua hadi wakayaelewa, bila kupewa maelezo na kampuni. Inkscape nayo inatumia maktaba hiyo hiyo. Hapa Nasser Road ambako CorelDRAW ndiyo lugha ya mtaa, watu wachache wanajua kwamba programu ya bure inafungua dizaini ambazo programu yao ya kulipia inazikataa.

Fungua nakala kwa LibreOffice Draw. Umbo la nembo, ngao na mistari, mara nyingi hutoka salama. Vitakavyoweza kusumbua ni rangi zinazofifia kutoka moja hadi nyingine, vivuli, na picha zilizowekwa ndani ya umbo. Kagua hivyo kwa jicho.

Maandishi ndiyo yenye utata zaidi. Faili la zamani mara nyingi lina jina la fonti tu, fonti yenyewe ilibaki kwenye kompyuta ya fundi. Kompyuta yako itaweka nyingine, na maneno yatapanuka au kusogea. Kama nembo ina maneno ya Kiganda, kuwa makini na herufi ŋ. Fonti nyingi za miaka ile hazikuwa nayo, na mafundi wengine walitumia fonti zilizorekebishwa ambamo alama fulani iligeuzwa kuwa ŋ. Bila fonti ile utaona alama ngeni katikati ya neno. Linganisha na cheti au barua yoyote ya zamani ya shule yenye nembo iliyochapwa vizuri.

Ikishakaa sawa, geuza maandishi kuwa mistari ili yasitegemee fonti tena. Hifadhi SVG na PDF kwa wachapaji, na PNG moja kubwa kwa matumizi ya kompyuta. CDR ya asili ibaki pia.

Kwa wengine wanaosoma: CDR za kuanzia CorelDRAW X4, mwaka 2008, zinaanza na PK kwa sababu ni kifurushi cha zip. Zifungue kwa 7-Zip, ndani utakuta kijipicha cha dizaini. Hakitoshi kuchapa, ila kinakuonyesha faili lina nini kabla hujahangaika. Na kama sanduku lenu lina mafaili ya PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, basi InDesign ya Adobe hadi toleo la CS6 inasoma PageMaker 6.0 na kuendelea, matoleo ya baadaye yameacha. LibreOffice inajaribu pia.

---

ramani_entebbe

Naomba niongeze upande wa ramani, nimefanya upimaji kwa muda mrefu. Watu wana ramani za Uganda za 1:50,000 zilizoskaniwa, TIFF, na pembeni kuna faili dogo lenye jina lile lile linaloishia .tfw. Wanaliona si picha, wanalifuta.

Faili hilo lina mistari sita ya namba. Linaiambia kompyuta kila pikseli ni mita ngapi ardhini na kona ya juu kushoto iko wapi. Ukilifuta, unabaki na picha ya ramani isiyojua iko wapi duniani. Ukigeuza TIFF kuwa PNG bila kubadilisha vipimo, nakili .tfw uipe jina la .pgw. Ukiipunguza picha, namba hizo zinakuwa za uongo, hivyo usipunguze.

Na faili hilo halisemi ni mfumo gani wa majira (namba za kuonyesha mahali ardhini) uliotumika. Ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, simu zenu zinatumia WGS 84, ukichanganya mpaka wa kiwanja unasogea mamia ya mita. Tena Uganda imekatwa na ikweta na iko kwenye kanda mbili za UTM, mgawanyo wa dunia wa kupimia ramani, yaani 35 na 36. Andikeni mfumo na kanda kwenye faili la maandishi, mliweke humo humo kwenye folda. Programu ya ramani ya QGIS inafungua haya yote bure. Kamwe msihifadhi ramani ya mistari ya mwinuko kwa JPEG, mistari inavimba na kuwa na ukungu.

---

fundi_nasser

Mpimaji, ahsante sana. Hilo la .tfw sikuligusa na ni la thamani, hasa kwa wenye kesi za ardhi.

---

mama_gazeti

Nilikuwa mpangaji kurasa wa gazeti, tulitumia Mac. Mafaili yangu hayana hata kiendelezi (zile herufi za mwisho kama .jpg), yana majina tu kama "Soko Owino" na "Mvua Bwaise". Kwenye Windows yanaonekana kama karatasi nyeupe. Nimefuata mtindo wako wa kutazama mwanzo, naona utupu mtupu. Yamefutika?

---

fundi_nasser

Dada, subiri kwanza, usifute chochote. Mac za zamani hazikutegemea kiendelezi. Aina ya faili iliandikwa pembeni, kwenye mfumo wa diski yenyewe, na kunakili kwenda kwenye flashi ya Windows huiacha taarifa hiyo nyuma. Ndiyo sababu yanaonekana hayana jina la ukoo.

Na kuhusu utupu: PICT ya Apple huanza na baiti 512 ambazo kwa kawaida ni sifuri tupu, picha yenyewe inaanza baada ya hapo. Kwa aina hii kutazama herufi za mwanzo hakusaidii, shuka chini zaidi. PCD nayo iko hivyo, alama yake PCD_IPI imekaa kwenye baiti ya 2048. Ukiona data inaanza baada ya 512, ongeza .pct mwishoni mwa jina la nakala ujaribu XnView. Mwenye Mac atumie GraphicConverter, ipo tangu miaka ya mwanzo ya 1990 na inajua aina za picha nyingi mno za zama hizo.

Kama una mafaili ya ukurasa na siyo picha, hayo pengine ni ya QuarkXPress, programu ya kupanga kurasa, tuyafungulie uzi wake.

---

mwana_wa_arua

Ndugu fundi, narudi na habari. PCD zimefunguka kwa 3072×2048! Mikunjo ya gauni inaonekana. Mama ameketi hapa anataja majina ya watu waliosimama nyuma, mimi naandika.

Flopi zimebaki. Nimeazima kisomeo cha USB. Nyingine zinasomeka, zina .tga na .jpg. Chache zinakwaruza na kusimama. Na kuna .jpg tatu ambazo zote ni sifuri toka mwanzo hadi mwisho, nimetazama kwa HxD.

---

fundi_nasser

Habari njema sana hiyo. Majina anayotaja mama yaandike kwenye faili la maandishi lenye namba ile ile ya picha, IMG0001.txt na kuendelea.

TGA zitafunguka kwa GIMP bila shida. JPEG zenye sifuri mwanzo hadi mwisho hazina kitu ndani, nakala ilishindwa kusoma diski ikajaza nafasi. Hapo usilaumu faili kabla ya kunakili upya. Safisha kisomeo, jaribu tena kwa kisomeo kingine, kwa sababu vichwa vya kusomea havilingani na flopi iliyoandikwa na mashine iliyopinda kidogo husomeka vizuri kwenye moja na kukataa kwenye nyingine. Zile zinazokwaruza ziache kwanza. Kila mzunguko unaokwangua unaweza kuondoa utando wa sumaku na kuharibu kichwa pia. Maliza kwanza zile nzima zote, hizi zibaki mwisho. Ukipita Kampala niletee hizo tatu na zile za kukwaruza, nina visomeo vya kulinganisha, na mafaili utakayopata yaweke sehemu mbili tofauti kabla hujasafiri nazo.